Chai, Uji, Soda, Madafu: Kipi Kinaingia Kwenye Hesabu ya Maji ya Siku?

Wodini swali hili halina mjadala. Mgonjwa anayefuatiliwa maji ana karatasi yake kitandani: upande mmoja yanayoingia, upande wa pili yanayotoka, yote kwa mililita. Akinywa chai, muuguzi anaandika. Akinywa uji, anaandika. Supu, juisi, dripu, hata barafu aliyomumunya, vyote vinaandikwa. Toka nje ya geti sasa, utasikia watu wazima wakiambizana kwamba chai "siyo maji" na kahawa "inakausha mwili". Mimi ni afisa lishe, na anayeniuliza kuhusu maji namfundisha kutengeneza karatasi ile ile nyumbani kwake, kwa siku moja tu.

Kabla ya kuanza: mwenye ugonjwa wa figo, moyo kushindwa kufanya kazi vizuri, au maji tumboni kwa ajili ya ini, asifuate viwango vilivyo hapa. Kiasi chake anapangiwa na daktari. Mtoto chini ya miezi 6 naye hayumo. Huyo ni maziwa ya mama peke yake, hata Dar ikiwaka jua la Februari.

Hatua ya 1: Jua lengo lako

Achana na ule usemi wa glasi nane za maji kwa siku. Mwaka 1945 Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima anahitaji kama lita 2.5 kwa siku, na sentensi iliyofuata ikasema sehemu kubwa ya maji hayo imo ndani ya chakula. Sentensi ya kwanza watu wameishika hadi leo, ya pili imesahaulika.

Mimi natumia kiwango cha mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya cha mwaka 2010: lita 2 kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume, chakula na vinywaji kwa pamoja. Wamarekani wanataja 2.7 na 3.7, kwa hiyo usikichukulie chochote kati ya hivi kama msahafu. Chakula huchangia kama moja ya tano ya maji ya siku, na zaidi kwa mla matunda na mboga: wali uliopikwa ni maji kwa karibu theluthi mbili, chungwa kwa zaidi ya asilimia 85, tikiti kwa zaidi ya 90. Ukitoa hicho, vinywaji vinabaki kama lita 1.6 kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume. Mjamzito aongeze mililita 300, anayenyonyesha 700.

Hatua ya 2: Pima vyombo vyako

Hapa ndipo hesabu za wengi zinapoharibika, maana "kikombe" cha nyumba hii siyo cha nyumba ile. Chukua chupa ya maji ya nusu lita iliyokwisha, ijaze, kisha mimina kwenye kikombe chako hadi pale unapojaziaga chai siku zote, siyo hadi ukingoni. Chupa ikitosha vikombe viwili, kimoja ni mililita 250. Ikijaza kimoja na kufikisha cha pili nusu, kikombe chako ni kama 330. Fanya hivyo kwa bakuli la uji na bilauri ya mezani. Kikombe kidogo cha kahawa ya kijiweni ni kama mililita 50, na chupa moja itajaza karibu kumi.

Hatua ya 3: Andika kila kinachoingia

Siku moja, tangu kuamka hadi kulala. Andika hapo hapo unapokunywa. Ukisubiri jioni utasahau soda ya saa tisa, na soda ndiyo husahaulika kuliko vyote, sijui kwa nini.

Hatua ya 4: Panga ulivyoandika

Karibu kila kitu kinahesabika. Swali la maana ni kinywaji kimebeba nini kingine pamoja na maji.

*Maji, chai ya rangi, kahawa.* Hesabu yote, mililita kwa mililita. Kafeini inaongeza mkojo kidogo kwa asiyeizoea, lakini mwili wa mnywaji wa kila siku huzoea. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walichapisha jaribio la wanaume 50 wanywaji wa kahawa: siku tatu vikombe vinne vya kahawa kila siku, siku tatu nyingine maji kwa kiasi kile kile. Vipimo vya maji mwilini havikutofautiana. Kwa hiyo kahawa chungu ya kijiweni ni maji. Kashata ndiyo sukari.

*Maziwa, mtindi, uji.* Hesabu, na usiwe na wasiwasi. Maziwa ni maji kwa kama asilimia 87. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa 2016, ulilinganisha vinywaji 13, na maziwa yalibaki mwilini muda mrefu kuliko maji matupu, kwa sababu protini na chumvi zake hufanya yatoke taratibu. Chai, kahawa na kola havikupishana na maji. Uji mwepesi wa kunywa uandike wote. Ule mzito wa kijiko, mimi nauacha upande wa chakula.

*Supu na mchuzi.* Hesabu, ila onja chumvi. Supu ya asubuhi inayokufanya uagize maji kabla hujamaliza bakuli imeshakuambia yenyewe.

*Madafu.* Hesabu. Yana potasiamu nyingi na ndiyo maana wagonjwa wengi wa figo hukatazwa. Kwa anayeharisha, madafu hayachukui nafasi ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), kwa kuwa sodiamu yake haitoshi. Soda ndiyo kabisa. Huyo apewe ORS, pakiti nzima kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake.

*Soda, juisi ya ukwaju, ubuyu, vinywaji vya kuongeza nguvu.* Maji yamo, hesabu. Lakini soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai vya kusawazisha. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kama gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000. Juisi ya ukwaju ya nyumbani unaweza kuipunguza sukari mwenyewe. Ya mtaani huwezi.

*Pombe.* Bia nyepesi ina maji mengi, ila mimi siiandiki, kwa sababu sitaki mtu afikie lengo kwa bia. Pombe kali usiandike kabisa: huizima homoni inayozuia mkojo, ukatoa zaidi ya ulichoingiza.

Hatua ya 5: Jumlisha, kisha badilisha kimoja

Tuchukue fundi seremala wa Dar. Asubuhi chai ya rangi 300, saa nne supu 250 na kahawa mbili 100, mchana maji 500 na wali wake, alasiri soda 350, jioni chai ya maziwa 300, usiku maji 250. Jumla mililita 2,050. Kwa mwanamume wa ofisini hiyo imetimia. Maji matupu aliyokunywa ni 750 tu, na bado hana upungufu kwenye karatasi.

Sukari sasa. Akiweka vijiko vitatu kwenye kila chai, ni gramu 24, ongeza 37 za soda: amepita 60 kabla ya andazi. Namwambia aiondoe soda na kuweka maji 350 pale pale. Jumla ya maji haibadiliki hata tone.

Hatua ya 6: Ongeza kwa jua na kazi

Fundi wetu anatoka jasho kutwa, kwa hiyo 2,050 haimtoshi. Kipimo chake ni mkojo: njano hafifu, sawa, njano iliyokolea kama chai ya rangi, aongeze. Vidonge vya vitamini B hugeuza rangi, usitishike. Aongeze nusu lita asubuhi na nusu lita mchana, kidogo kidogo, siyo lita mbili kwa mkupuo, maana maji mengi kwa haraka hushusha sodiamu kwenye damu, na hilo linaweza kuua. Kwenye Ramadhani fanya vivyo hivyo: gawanya kati ya futari na daku, uji ukiwemo kwenye hesabu. Na kama bilauri ya kulalia inakuamsha usiku kwenda chooni, ihamishie saa kumi na mbili jioni.