Kabla hujanunua punda wa mkokoteni, mtembeze

Punda aliyesimama hana la kukuambia. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana sokoni utamkuta amefungwa mtini, amesafishwa vumbi, na bei inatajwa hata hujamgusa. Mnyama huyu huficha maumivu kuliko farasi. Anaweza kuendelea kula huku mguu unamuuma. Bei isubiri. Omba kwanza afunguliwe atembezwe.

Mtembeze mahali pagumu na tambarare, kwenye lami au udongo ulioshindiliwa, kamba ikiwa imelegea ili kichwa kiwe huru. Sikiliza kwato; mlio usiolingana una sababu. Halafu tazama kichwa. Punda anayeumwa mguu wa mbele hukiinua kichwa mguu mbovu unapogusa ardhi, akakishusha anapokanyaga kwa ule mzima. Wanunuzi wengi huona kinyume chake, wakapapasa mguu usio na shida. Mguu wa nyuma ni mgumu zaidi: simama nyuma yake, mbali na mateke, uangalie kama nyonga moja inapanda kuliko mwenzake. Mzungushe pia kwenye duara dogo, kulia na kushoto, kwani kuna kuchechemea kunakojitokeza kwenye kona tu. Mwisho afungwe kwenye mkokoteni wenye mitungi ya maji iliyojaa, maana hiyo ndiyo kazi unayomnunulia.

Akishapita hapo, inama kwenye kwato. Akikataa kuinua mguu mmoja, huenda ubovu uko kwenye ule wa upande wa pili, ambao ungebeba uzito wote. Kwato za punda husimama wima kuliko za farasi, kwa hiyo hilo lisikutishe. La kutisha ni ufa uliopanda hadi kwenye manyoya, harufu ya uozo chini ya wayo, au kwato za mbele zenye joto huku punda akiegemea nyuma asizikanyage sawasawa. Kwato ndefu peke yake si sababu ya kuondoka. Fundi atazipunguza kidogo kidogo, nawe upunguziwe bei.

Pitisha kiganja kwenye uti wa mgongo, kifuani na kila mahali mikanda inapopita. Mabaka ya manyoya meupe mara nyingi ni makovu ya vidonda vya zamani. Wanasema shukrani ya punda ni mateke, ila ukibonyeza mahali fulani naye akarusha teke, rudia upande wa pili kabla hujamwita mkorofi. Akitulia ukibonyeza upande huo wa pili, basi ule wa kwanza unamuuma.

Umri usome mdomoni, si kwa muuzaji. Meno ya mbele ya utu uzima hutimia akiwa na takriban miaka mitano. Baada ya hapo ni makadirio, na meno yaliyolala sana mbele ni ya mzee. Ukikuta chini vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu, magego yana kasoro. Kama ni jike, uliza habari ya mimba, kwani hubeba takriban mwaka mzima na utampumzisha.

Dawa ya maumivu inaweza kumfanya kilema atembee vizuri siku moja. Kwa hiyo rudi siku nyingine, asubuhi, bila kuaga, umkute nyumbani kwao kabla hajaanza kazi. Ukiweza, nenda na daktari wa mifugo. Ada yake ni ndogo kuliko hasara ya punda wa kulala.

Limebaki la mwenyewe halali. Nchini Kenya wizi wa punda ulizidi machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi yalipofunguliwa kuanzia 2016, na ingawa Umoja wa Afrika uliafiki kupiga marufuku biashara hiyo Februari 2024, wa kuibwa bado wapo. Dai barua ya chifu inayotaja rangi, alama na jina la muuzaji, uilinganishe na kitambulisho chake. Kama punda anavuka kwenda kaunti nyingine, chukua kibali cha kusafirisha mifugo kabla hujalipa gari.