Injini ya WRX inalia: ni petroli ya stesheni fulani, au ni kitu kingine? Namna ya kujua

Mlio wenyewe niliusikia mara ya kwanza nikipanda kutoka Awasi kuelekea Kericho, saa nane mchana, joto la Ahero bado liko ndani ya gari. Gia ya tano, mizunguko ya injini karibu elfu mbili, mguu umezama kwenye mafuta. Krr-krr-krr, kama punje za mahindi makavu zinazotikiswa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nikaachilia mafuta, ukanyamaza. Nikakanyaga tena, ukarudi.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006, lita mbili, turbo, iliyotoka Japani. Nimekuwa nalo miaka sita na ninalipenda sana. Nilipofika nyumbani Nakuru nikaanza kuulizia, na karibu kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: "Badilisha stesheni." Mmoja akasifu kampuni hii, mwingine akaapa kwa ile. Wiki tatu nzima nilihama pampu hadi pampu, na mwisho sikujua lolote jipya. Kumbe gari lilikuwa na milio mitatu, nami nilikuwa naihesabu kama mmoja.

Mimi nauza dawa, nina duka dogo la dawa hapa Nakuru. Mgonjwa akiniambia "naumwa", simpi kitu mpaka aseme wapi, tangu lini, na maumivu yanazidi akifanya nini. Na nikimbadilishia dawa tatu siku moja, akipona sitajua ni ipi iliyomponya. Nilipoanza kulitazama gari kwa jicho hilo ndipo mambo yakafunguka. Kwa hiyo fanya hivi kabla hujatumia hata shilingi moja.

Andika mlio unatokea lini

Weka daftari kwenye droo ya gari. Kila mlio unaposikika (ukishasimama mahali salama) andika: injini ilikuwa baridi au imepata moto? Gari lilikuwa limesimama, kwenye tambarare au likipanda? Gia ya ngapi, mizunguko mingapi? Ukiachilia mafuta, mlio unakata hapo hapo, unapungua, au hausikii habari yako? Mwisho andika tenki lilijazwa wapi na lini, na risiti uibanize kwenye ukurasa huo. Teremsha vioo ukipita karibu na ukuta au ukingo wa barabara uliochongwa mlimani, kwa sababu ukuta hukurudishia sauti ambayo ukiwa uwanjani huisikii.

Baada ya wiki mbili, daftari langu lilikuwa limegawa milio yenyewe.

Wa kwanza ulikuwa wa alfajiri: kugongagonga kukavu kwa dakika tatu au nne, kisha kimya hadi kesho yake. Huo ni wa pistoni. Pistoni ikiwa baridi huwa ndogo kidogo kwa nafasi yake, inapigapiga ukuta wa silinda. Ikipata moto inatanuka, inatulia. Injini hizi za Subaru zilizolala ubavu zinajulikana kwa jambo hilo. Hakuna petroli itakayouondoa. Tumia oili ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na usiikanyage injini kabla haijapata moto.

Wa pili ulikuwa mlio wa bati. Gari likiwa limesimama kwenye foleni pale raundabauti ya Nyamakoroto, injini ikinguruma polepole, chini kunalia zzzing, kama kifuniko cha sufuria juu ya maji yanayochemka. Huu ndio nilioupeleka kwa fundi mmoja wa jua kali karibu na soko la Kibuye, Kisumu, maana mama yangu anaishi huko na kila mwezi naenda kumwona. Fundi hakufungua hata boneti. Alilala chini ya gari akiwa na mpini wa jembe, akamwomba kijana wake aongeze mafuta kidogo kidogo, akawa anagusa kipande kimoja baada ya kingine kwa ule mpini. Alipogusa bati linalozuia joto la ekzosti, mlio ukakatika kama redio iliyozimwa.

"Dada, umebadilisha petroli mara ngapi kwa ajili ya hiki kibati?"

"Mara tano, fundi."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Bolti ilikuwa imeliwa na kutu. Injini ilipopoa akalizungushia bati klampu ndefu ya bomba la maji, akaikaza, na mlio huo haujarudi.

Ukisikia tik-tik-tik inayofuata mizunguko asubuhi kisha inapungua joto likipanda, tazama pia pale ekzosti inaposhikana na injini. Masizi meusi pembeni ya gasketi yanakuonyesha moshi unavujia wapi.

Kuna mlio mmoja ambao haukuwa wangu, lakini lazima niutaje. Ni mgoto mzito, wa chini, kama nyundo iliyofungwa kitambaa, unaopanda na mizunguko na kuzidi injini inapopata moto. Hizo ni bearing za konrodi, ule mkono unaoishika pistoni kwa chini. Zima gari hapo hapo, pima oili, na uite gari la kuvuta. Ukiendelea kuzunguka ukijaribu petroli za kampuni mbalimbali, utainunua injini nyingine.

Mlio ambao petroli inahusika nao

Mlio wa tatu, ule wa punje kwenye kopo, ndio mafundi wanaouita kunoki. Huu peke yake, kati ya yote niliyotaja, ndio unaoweza kubadilika kwa petroli. Petroli na hewa zinatakiwa ziwashwe na cheche ya plagi, moto usambae hadi mwisho wa silinda. Joto na mgandamizo vikizidi, ile sehemu iliyobaki upande wa mbali inajilipua yenyewe kabla moto haujaifikia. Mshindo wake ndio unaousikia. Gari lina sensa kwenye bloku inayosikiliza mshindo huo, na kompyuta ikiusikia inachelewesha cheche. Ndiyo maana gari linalonoki huhisi zito. Lakini hiyo sensa ni ya kuokoa, si ruhusa ya kuendelea. Turbo inaongeza mgandamizo, na pistoni hazivumilii kipigo hicho kwa muda mrefu.

Uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kujilipua ndio okteni. Hapa wenye magari ya mbio wanatakiwa wafungue macho. Japani wana petroli mbili: ya kawaida, ambayo kiwango chao kinataka isipungue RON 89 (RON ni kipimo cha okteni), na ya premiamu, isiyopungua 96, na kwa kawaida huuzwa karibu na 100. WRX ya Japani ilitengenezwa ikitegemea hiyo ya premiamu. Fungua mlango wa tenki usome kibandiko. Kama ni Kijapani, kipige picha umtumie mtu anayeijua lugha hiyo, au tumia simu yako kutafsiri. Super, yaani petroli ya kawaida ya hapa kwetu, haifikii 100. Na ukisoma ushauri wa Wamarekani wanaosema "tia 91", jua kwamba wao wanahesabu kwa kipimo kingine. 91 yao ni kama 95 au 96 ya RON. Nimeona mtu akijiridhisha kwa namba hiyo na gari lake linaumia.

Sasa jina la kampuni. Petroli ya nchi hii inaingia Mombasa na kusukumwa kwa bomba la Kenya Pipeline hadi Nairobi, kisha Nakuru, Eldoret na Kisumu. Mimi naishi mtaa wa Pipeline, malori ya mafuta napishana nayo kila siku, ya rangi zote, yakitoka kujaza kwenye matangi yale yale. Kwa hiyo super ya kawaida ya kampuni kubwa moja na ya nyingine ni mafuta yaliyosafiri pamoja. Tofauti inakuja kwenye dawa ya kusafisha ambayo kampuni inaongeza, kwenye petroli maalum kama V-Power ya Shell, na kwenye usafi wa tangi la stesheni yenyewe. Dawa hizo si uongo: mwaka 2004 BMW, General Motors, Honda na Toyota waliweka kiwango chao Marekani kwa sababu waliona petroli yenye dawa kidogo inaacha uchafu kwenye injekta na valvu. Uchafu huo ukijaa ndani ya silinda unaongeza mgandamizo na kushika joto, na kunoki kunakaribia. Ila dawa ya kusafisha hufanya kazi polepole, tenki baada ya tenki. Mtu akikuambia alijaza kampuni fulani leo na jioni mlio ukaisha, basi ni okteni iliyobadilika au alipanda mlima kwa gia nyingine.

Kitu ambacho sikuwahi kuambiwa na mtu ni mwinuko. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu kama 1,130. Hewa ya Nakuru ni nyepesi na ya baridi, silinda inapata hewa kidogo, kunoki kunakuwa mbali. Turbo inafidia sehemu ya upungufu huo, lakini joto la Kisumu haliwezi kulifidia. Hewa inaingia ikiwa imeshapashwa. Ndiyo maana gari langu halikunoki kabisa nyumbani, likanoki kwenye mlima wa Awasi. Petroli ilikuwa ile ile niliyotoka nayo Nakuru.

Jaribio la matenki matatu

Chagua mlima mmoja, saa moja ya siku, mzigo ule ule, na ubadilishe kitu kimoja tu. Usijaribie Sachangwan; pale malori yanatosha kuwa hatari bila wewe kusikiliza injini. Mimi nilitumia Awasi, mwezi baada ya mwezi, nikirudi nyumbani kutoka kwa mama. Subiri tenki liwe karibu kuisha ndipo ujaze, ama sivyo utakuwa unapima mchanganyiko. Lakini usilikaushe kabisa: pampu ya mafuta inapozwa na petroli yenyewe, na ikikaukiwa itaanza kulia mluzi wake, uongeze mlio wa nne.

Tenki la kwanza lilikuwa super ya kawaida ya kampuni kubwa. Gia ya tano, krr-krr. Tenki la pili, super ya kawaida ya kampuni nyingine kubwa: gia ile ile, mahali pale pale, krr-krr ile ile. La tatu lilikuwa petroli maalum ya bei ya juu, na mlio ukabaki mfupi sana, mara moja tu nilipozamisha mguu. Kisha nikafanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo. Nikarudia super ya kawaida, ila nikapanda kwa gia ya tatu, mizunguko elfu tatu na zaidi. Kimya. Kukanyaga mafuta mengi injini ikizunguka polepole ndiyo tabia inayoumiza gari la turbo, na mimi nilikuwa naifanya nikidhani naokoa mafuta.

Fundi alipotoa plagi tukakuta si za namba iliyo kwenye kitabu, ni za kuhifadhi joto zaidi. Aliyenitangulia alizifunga. Tukaweka sahihi, nne. Mwezi uliofuata nilipanda na super ya kawaida kwa gia ya nne bila mlio.

Petroli ikiwa mbovu kweli

Mwaka jana nilijaza lita 30 kwenye stesheni moja ndogo barabarani, usiku, kwa haraka. Asubuhi gari likanoki Nakuru, tambarare, hewa ya baridi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ekzosti ikanuka jiko la mafuta taa. Mafuta taa yana okteni ya chini mno, na kidogo tu kinatosha kuiharibu petroli. Wizi huu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Septemba 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuchanganya kusilipe.

Namna ya kushuku: nje, mbali na moto na sigara, dondosha tone moja la petroli hiyo kwenye karatasi nyeupe, na jingine la petroli unayoiamini kando yake. Petroli safi hukauka upesi na karatasi kubaki karibu kama ilivyokuwa. Langu liliacha duara la mafuta ambalo baada ya nusu saa bado liling'aa nikilielekeza dirishani. Si kipimo cha maabara, lakini kilitosha kunizuia kuwasha gari. Usijaribu kuizimua kwa kujaza nzuri juu yake. Tulimwaga tenki lote, tukabadilisha chujio, nikapeleka risiti na malalamiko EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli, kwa sababu wao ndio wanaopima stesheni kwa alama maalum iliyotiwa kwenye mafuta.

Siku hizi najaza super ya kawaida kwenye stesheni mbili tu zenye wateja wengi, ambako mafuta hayalali, moja Nakuru na moja Kisumu. Joto likiwa kali na nina abiria, najaza ile maalum Kisumu kabla ya kupanda. Na nikifika Awasi nashusha gia hadi ya tatu kabla mlima haujaanza.