Namna ya kumtungia shairi aliyekaa na kitabu chako

Kila mpenda vitabu ana rafiki mmoja aliyeazima kitabu "kwa wiki moja tu" na sasa hata kukitaja hakitaji. Kumdai waziwazi kunatia aibu pande zote mbili. Kumtumia shairi ni njia ya zamani na ya kistaarabu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana na watu wa mji wake kwa tungo za mishororo minne, na aliyetungiwa alijua wazi kuwa anatakiwa ajibu. Umbo hilohilo, tarbia, ndilo tutakalotumia hapa.

Tarbia ni mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani 8, yaani silabi 8. Kwa hiyo mshororo mzima ni mizani 16. Vina ni silabi za mwisho zinazofanana: vya kati hufunga ukwapi, vya mwisho hufunga utao. Mshororo wa nne ukirudiwa kila ubeti huitwa kibwagizo.

Anza na kibwagizo. Wanaoanza huandika kuanzia juu, wakifika mstari wa nne wamechoka, wanabandika lolote lililotimiza hesabu. Lakini huo ndio mstari utakaosikika mara nyingi kuliko yote, na ndio unaobeba dai lako. Tuseme umeandika hivi:

Kitabu uliazima, lini utanirejesha?

Hesabu: ki-ta-bu-u-li-a-zi-ma, 8. Li-ni-u-ta-ni-re-je-sha, 8. Mizani imetimia, ila maana imepinda: "utanirejesha" ni kunirudisha mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeazimwa. Ulichotaka ni "utanirejeshea", nacho kinazidisha mizani moja. Dawa iko kwenye silabi moja tu, toa -ni- weka -ki-:

Kitabu uliazima, lini utakirejesha?

Bado ni 8 kwa 8, na sasa kinachorejeshwa ni kitabu. Mashairi mengi huharibika kwa namna hii. Mtunzi anahesabu silabi mpaka anasahau kusikiliza anachosema.

Kuhesabu kwenyewe kufanye kwa vidole. Kunja vidole gumba viwili. Vilivyobaki ni vinane, kimoja kwa kila mizani. Kila irabu ina mizani yake, kwa hiyo "taa" ni ta-a, mbili, na "maandazi" ni nne. Panapowaponza wengi ni m na n. M ya "mtu" inasimama peke yake: m-tu. "Mpenzi" ni m-pe-nzi, tatu, si mbili. Lakini "mbuzi" ni mbu-zi tu, maana hapo m imeshikana na b. Neno likiwa fupi kabisa, kama nchi, nne au nge, n hupata mizani yake: n-chi, n-ne, n-ge. Ndiyo maana "Rafiki yangu mpenzi" ni kipande kamili cha mizani 8, ingawa anayeanza huhesabu 7 akaongeza neno lisilohitajika. Maneno yenye konsonanti zilizogusana, kama maktaba au labda, yaache kwanza. Watunzi wengine huipa ile k au b mizani yake, wengine huimeza, na ugomvi huo si wako leo.

Kibwagizo chetu kimetupa vina viwili, -ma na -sha. Sasa kabla ya kuandika ubeti wowote, chukua karatasi, igawe safu mbili, ujaze akiba ya maneno. Ukitaka vina hivyo viende shairi zima, yaani mtiririko, kila ubeti utakula maneno matatu ya -ma na matatu ya -sha, bila kuhesabu kibwagizo. Beti tano ni maneno 15 kila upande. Andika 20 ili uwe na ya kuchagua. Safu ya -ma: lawama, nyuma, salama, mapema, huruma, soma, sakama, choma. Safu ya -sha: bashasha, maisha, mkesha, presha, tosha, bisha, isha, washa. Changanya nomino na vitenzi. Ukijaza vitenzi vya kusababisha peke yake (furahisha, kumbusha, elimisha), shairi litasikika kama hotuba ya mgeni rasmi.

Akiba isipofika, usilazimishe. Acha vina vya kati vibadilike kila ubeti, vya mwisho vibaki -sha. Hiyo ni ukara, na ni halali kabisa. Vikibadilika vyote ni ukaraguni. Kwa mtungaji wa mara ya kwanza ningeshauri ukara, lakini -ma na -sha ni vina vyenye maneno tele, kwa hiyo mtiririko unawezekana hapa.

Kina ni silabi nzima, si irabu. "Soma" na "kata" hazina kina kimoja kwa sababu tu zote zinaishia na a. Vitenzi vingi vya Kiswahili vinaishia hivyo. Angalia pia la na ra, sa na tha, za na dha. Kama kwenu "kula" na "kura" hutamkwa sawa, sikio lako litakudanganya, basi itazame kamusi. Na uogope kina cha -ni. Ni rahisi mno: mezani, nyumbani, njooni, semeni. Ubeti mmoja wa -ni hauna neno, ila beti nane za -ni zinamlaza msomaji.

Ukiwa na kibwagizo na akiba, ubeti wa kwanza hautachukua muda:

Rafiki, nina lawama, tena si ya kukuchosha,
Miezi sita ya nyuma, ulikuja kwa bashasha,
Ukasema utasoma, wiki moja itatosha,
Kitabu uliazima, lini utakirejesha?

Beti za katikati ndizo za kukisema kitabu chenyewe, na hapo wengi huteleza. Tazama mshororo huu: "Kitabu kizuri sana, tena kinafurahisha." Mizani 16 zimetimia, na hakuna kilichosemwa. Ungeweza kuwa wa kitabu chochote duniani, hata cha mapishi. Chukua daftari, andika vitu vitatu ambavyo vipo kwenye nakala yako tu: doa, ukurasa uliokunjwa pembe, jina la aliyekupa, ile sura uliyoimaliza alfajiri. Kisha tafuta neno la kina ndani ya vitu hivyo:

Kahawa imeuchoma, ukurasa wa mkesha

Rafiki akisoma hapo atakwenda kufungua kitabu autafute ukurasa huo, na hiyo peke yake ni nusu ya kukirudisha.

Ukibanwa na mizani, mila inakuruhusu kupunguza neno (alokuja badala ya aliyekuja), kulirefusha (enenda badala ya enda), au kupindua mpangilio (changu kitabu). Hizo ruhusa zitumie kama chumvi. Zikizidi mara moja kwa ubeti, msomaji anaona jasho lako. Mara nyingi kuna neno jingine la kawaida lenye urefu unaoutaka, ila linataka dakika tano zaidi za kutafutwa. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyeziandika sheria hizi kitabuni mwaka 1954, alizitaka zifuatwe kikamilifu. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake mwaka 1974 bila vina wala mizani, ugomvi ulikuwa mkubwa. Huna haja ya kuchagua upande. Ila barua ya kudai kitabu inakaa vizuri zaidi ikiwa na vina, kwa sababu mtu hukariri kibwagizo bila kutaka.

Kabla ya kutuma, liimbe. Chukua mahadhi yoyote unayoyajua ya kughani mashairi, jirekodi kwenye simu, sikiliza. Mizani iliyopungua utaisikia, kwani utajikuta unaivuta irabu moja ili kufika. Iliyozidi itakufanya ukimbie. Sikiliza hasa pale katikati ya mshororo, kwenye pumzi: neno lisikatwe vipande viwili na ile pumzi. Ukikuta mizani 16 lakini ukwapi una 9 na utao 7, usijifariji kuwa jumla ni sawa. Sauti itakusuta.

Beti nne au tano zinatosha. Deni la kitabu kimoja halistahili kumi. Kwa ubeti wa mwisho, epuka ule mshororo wa "Kaditamati nakoma, kalamu naiangusha". Una mizani zake zote, lakini kalamu zilizoangushwa hivyo ni nyingi mno. Funga kwa kitu utakachokifanya kweli, na mwache rafiki na nafasi ya kukujibu kwa vina vyako mwenyewe:

Sitaki kukusakama, wala hasira kuwasha,
Ukikileta salama, lawama yangu yaisha,
Asubuhi na mapema, mlangoni nitabisha,
Kitabu uliazima, lini utakirejesha?