Kibao chini ya mtaimbo
Ukibandua fremu ya mlango unayotaka kuitumia tena, usiegemeze mtaimbo moja kwa moja kwenye plasta. Pitisha kisu kwanza kwenye mshono wa rangi, kisha weka kipande cha mbao ngumu chini ya kisigino cha mtaimbo, yaani pale unapopinda na kuegemea ukuta. Kibao kinasambaza mzigo, plasta haibonyei, na kikikaa karibu na ncha unapata nguvu zaidi kwa jasho kidogo. Mtaimbo mfupi bapa unatosha. Ule mrefu wa kuchimbia mashimo utapasua fremu tu. Ikigoma, usilazimishe: huenda imeshikwa na vyuma vilivyojengewa ukutani, na hapo ni kuvikata kwa msumeno wa chuma. Wala usirefushe mtaimbo kwa bomba, ukichomoka utaondoka na meno yako.