SOMO: Namna ya kumfuata ndugu aliyerudi nyuma

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo tuongee kuhusu wenzetu waliopoa, yule alikuwa hakosi mkesha wa Ijumaa na sasa hata simu hapokei. Wengi tunasema mchungaji ataenda, lakini Wagalatia 6:1 haikuandikiwa wachungaji peke yao, inasema "ninyi mlio wa Roho mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole", kwa hiyo ni kazi yangu na yako.

1. Omba kabla hujaenda, na ujiombee na wewe, maana mstari huohuo unamalizia kwa kukuonya ujiangalie usije ukajaribiwa. Ukiona una hasira, au una hamu tu ya kujua ilikuwaje, subiri kwanza.

2. Hakikisha kweli ameanguka. Kuna mtu kabadilishiwa shifti, kuna mama anauguza, na kuna anayeona aibu kwa sababu ahadi ya ujenzi imemshinda na majina yanasomwa mbele ya watu.

3. Nenda wewe na yeye tu. Hapa nikae kidogo maana ndo tunapoharibu. Mathayo 18:15 inasema wewe na yeye peke yenu, sisi tunaanzia kwenye grupu la WhatsApp la kwaya, "wapendwa tumuombee dada fulani anapita kipindi kigumu", dakika mbili nyingi watu wako inboksi wanaulizana kuna nini, mimba au? Hayo siyo maombi, ni umbea umefunikwa kitenge. Na yeye akishajua kanisa zima linajua, atarudi kwa uso gani?

4. Mkishakaa, usianze na mistari. Msalimie, uliza watoto, kunywa chai yake, halafu sema jambo lenyewe bila mafumbo: "Ndugu yangu, nimesikia umeanza tena pombe, sijamwambia mtu, nimekuja kwako, ni kweli?" Halafu nyamaza, mwache aongee hata kama anakuzungusha.

5. Akikataa, chukua mmoja au wawili anaowaheshimu yeye, siyo marafiki zako wewe. Ikishindikana ndo wazee na kanisa.

6. Akirudi, mpokee mazima. Kwa Walutheri kuna utaratibu kabisa wa kurudi kundini mbele ya usharika, lakini mtu anaweza kurudishwa Jumapili na Jumatatu bado tunamnyooshea kidole. Paulo kwenye 2 Wakorintho 2:7 aliwaambia wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni.

MASWALI

Swali: Mtumishi, hiyo Mathayo 18 mstari wa 17 si unasema asiposikia awe kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru? Sisi tuliambiwa tusimsalimie.
Jibu: Mpendwa, aliyeandika hiyo injili anaitwa Mathayo mtoza ushuru, na Yesu alimfuata hukohuko forodhani akala naye (sura ya 9). Huyo asiyesikia hawezi kuendelea na huduma wala uongozi, hiyo sawa, lakini salamu usimnyime. Soma sura ya 18 mstari wa 12 mpaka 22 kwa pamoja: mwanzo kondoo mmoja kati ya 100, mwisho samehe saba mara sabini.

Swali: Mimi ni dada, aliyerudi nyuma ni kaka wa kwaya yetu. Niende peke yangu?
Jibu: Hapana dada, usijiingize kwenye majaribu wala maneno ya watu. Mtafute kaka aliyeokoka anayejua kutunza siri aende yeye. Kama lazima uwepo, kaeni mahali pa wazi.

Swali: Na kama aliyeanguka ni mchungaji mwenyewe?
Jibu: 1 Timotheo 5:19 inataka mashahidi wawili au watatu, kwa hiyo usibebe tetesi, peleka kwa wazee au kwa askofu wake mkiwa na uhakika. Ila kama kuna mtoto ameguswa au mtu amebakwa, hapo wala usitafute mashahidi wawili wala usikae naye faragha, nenda polisi siku hiyohiyo na mtoto apelekwe hospitali kabla hajaogeshwa. Kumuombea mchungaji utaendelea kumuombea hata akiwa mahabusu.