Kuhama kutoka SLR kwenda kamera isiyo na kioo bila kutupa lenzi zako

Majuzi nilimsaidia mwenzangu anayepiga picha za harusi kuhama kutoka SLR, yaani kamera yenye kioo ndani, tangu kuchagua bodi (kamera yenyewe bila lenzi) hadi kazi yake ya kwanza. Maswali yake ndiyo ninayoulizwa na karibu kila anayehama, kwa hiyo nayapanga hapa kwa mfuatano wa kazi yenyewe. Spidi ya shata, apecha na ISO unazijua, sitazieleza.

Hatua ya 1: Kagua lenzi kabla ya kuchagua bodi

Nunua bodi na adapta (pete ya kuunganisha lenzi za zamani na bodi mpya) ya kampuni ileile, lenzi mpya zisubiri. Huo ndio msimamo wangu, na sababu yake ni ya kiufundi. Kwenye SLR ya Canon, umbali kutoka pale lenzi inapofungwa hadi kwenye kihisi (sehemu inayonasa picha) ni milimita 44, kwa kuwa kioo kinahitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Kwenye RF, mfumo wa Canon wa kamera zisizo na kioo, umbali huo ni milimita 20. Adapta inajaza zile 24 zinazobaki, na ndani yake ni tupu, hakuna lenzi ya ziada, kwa hiyo ubora wa picha haupungui. Lenzi zote za EF, yaani za SLR za Canon, tangu mfumo huo uanze mwaka 1987, zina mota zake ndani, hivyo fokasi inaendelea kufanya kazi.

Kwa Nikon kuwa mwangalifu. Adapta yake, FTZ, haina mota. Geuza lenzi uangalie pete ya chuma ya nyuma: ukiona kijiskurubu chenye mfereji kama kichwa cha parafujo, hiyo ni lenzi iliyokuwa ikizungushwa na mota ya bodi. Kwenye FTZ itapiga picha, lakini utafokasi kwa mkono. Zenye maandishi AF-S au AF-P hazina shida hiyo.

Kuvusha lenzi kutoka kampuni moja kwenda nyingine kunawezekana. Kwa kazi ya kulipwa sikushauri.

Hatua ya 2: Ongeza betri

Kijidirisha cha kuchungulia sasa ni skrini, na skrini inakula umeme. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengeneza kamera, Nikon D850 ambayo ni SLR hupiga picha 1,840 kwa chaji moja. Z7, isiyo na kioo, ni 330. Kazini utapata zaidi ya hizo, lakini usiende kwenye shughuli ya siku nzima na betri moja.

Hatua ya 3: Panga kijidirisha, hasa ukitumia flashi

Hapa ndipo watu wanapoteza saa nyingi, wengine hadi wanarudisha kamera dukani wakidhani ni mbovu.

Kijidirisha cha SLR kinakuonyesha mwanga ulio mbele yako. Cha kamera isiyo na kioo kinakuonyesha picha itakavyotoka kwa seti ulizoweka. Nje kwenye jua ni raha tupu, unaona picha imeungua (mwanga umezidi) kabla hujabonyeza. Ukiingia studio ukaweka 1/160, f/8 na ISO 100, skrini inakuwa nyeusi tii. Kamera haijakosea: kwa taa ya chumba peke yake, picha ingetoka nyeusi kweli. Haijui kwamba flashi itawaka.

Dawa ni kuzima huo uigaji wa mwangaza, yaani skrini kuiga picha itakavyotoka. Kwenye Sony ingia Live View Display, chagua Setting Effect OFF. Kwenye Canon nyingi tafuta Exposure simulation uizime. Majina hubadilika kidogo kati ya modeli na modeli, ila kipengele kipo.

Kinachochanganya watu ni kwamba flashi ya kampuni ileile ikikaa juu ya kamera, mara nyingi kamera inaitambua na kung'arisha skrini yenyewe. Ukibadilisha ukaweka triga (kifaa cha kuwasha flashi kwa mbali) ya kawaida yenye pini moja ya katikati, haitambui chochote, na giza linarudi. Mtu anabadilisha triga, anabadilisha betri, anabadilisha kebo, kumbe tatizo liko kwenye menyu.

Tena ukitoka studio ukasahau kuurudisha uigaji, skrini itang'aa vizuri kila wakati huku picha zinatoka giza au zimeungua. Kwa hiyo usitegemee kumbukumbu yako. Hifadhi seti mbili kwenye gurudumu la modi, C1 na C2, au U1 na U2 kwa Nikon: moja ya flashi uigaji ukiwa umezimwa, nyingine ya mwanga wa kawaida ukiwa umewashwa. Mwenzangu sasa anageuza gurudumu tu, menyu haigusi.

Hatua ya 4: Shata ya kimya itumie kwa kiasi

Ni shata ya kielektroniki isiyotoa sauti. Inavutia sana kwenye ibada na hotuba, lakini kihisi kinasomwa mstari kwa mstari. Kitu kinachokwenda kasi kinapinda, na chini ya taa nyingi za LED picha inajaa mistari. Umeme wa 50 Hz jaribu 1/50 au 1/100; wa 60 Hz, 1/60 au 1/120. Taa za jukwaani zina mipigo yake, hapo rudi kwenye shata ya kawaida. Flashi nazo kwenye kamera nyingi haziwaki kabisa na shata ya kimya. Sony a9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, inasoma kihisi chote kwa wakati mmoja na haina matatizo haya. Bodi nyingi bado hazijafika hapo.

Hatua ya 5: Washa fokasi ya jicho

Kamera inatafuta jicho la mtu na kulifokasi yenyewe. Iwashe na uiamini. Fokasi inapimwa kwenye kihisi chenyewe, kwa hiyo ile kazi ya kurekebisha kila lenzi inayofokasi mbele au nyuma imeisha.

Hatua ya 6: Hakikisha kompyuta inafungua faili

Programu ya zamani inaweza kukataa CR3, faili ghafi za picha za Canon. Adobe DNG Converter, programu ya kuzigeuza ziwe faili za DNG, ni ya bure na inatatua hilo.

Hatua ya 7: Bodi ya zamani usiuze kwanza

Ibaki kuwa kamera ya pili hadi umalize kazi kadhaa. Ukiwa na 5D Mark IV (SLR ya Canon) na EOS R (isiyo na kioo), zote zinatumia betri za familia ya LP-E6, na lenzi zako za EF zitapita kote: moja kwa moja upande mmoja, kwa adapta upande wa pili. Adapta iache imefungwa kwenye bodi mpya, isije ikabaki nyumbani.