Luva za mbao zinazogeuzwa: namna ya kupima, kutengeneza na kutumia dirisha linaloipa nyumba ya pwani upepo

Katika miji ya pwani kama Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, hewa hubeba unyevu mwingi, jasho halikauki upesi, na tofauti ya joto kati ya mchana na usiku ni ndogo. Kwa sababu hiyo, kufunga nyumba mchana ili kuhifadhi ubaridi wa usiku, jambo linalofaa sana Dodoma au Arusha, huku hakuleti nafuu kubwa. Kinachompa nafuu mtu wa pwani ni upepo unaopita mwilini mwake. Dirisha lake basi lina kazi ngumu: linapaswa kuingiza upepo saa zote, hata mvua ikinyesha, hata jua likipiga ukuta, hata watu wakiwa wamelala, na wakati huohuo limzuie mpita njia asione chumbani. Luva za mbao zinazogeuzwa, yaani vibao vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine ndani ya fremu, hufanya kazi hizo zote kwa pamoja, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar bado zinazo.

Dirisha la kioo la kuteleza lenye fremu ya alumini, ambalo sasa limeenea kila mahali, huzuia vumbi vizuri na husafishika kwa urahisi, lakini halifunguki zaidi ya nusu, kwa kuwa kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Tena kioo huruhusu jua kupenya hadi ndani, na pazia likifungwa baada ya hapo huzuia mwanga tu, kwani joto limeshaingia chumbani. Luva za mbao zikiwekwa upande wa nje hulizuia jua kabla halijafika kwenye kioo. Kwa maoni yangu, anayejenga pwani na kuweka vioo vya kuteleza pekee katika vyumba vya kulala anajipangia gharama ya umeme wa feni na kiyoyozi kwa miaka yote atakayoishi humo.

Kabla ya kumwita fundi seremala, ujue upepo wa kiwanja chako. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi, na ndiyo miezi ya joto kali; kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi. Juu ya pepo hizo kuna upepo wa bahari, unaoelekea nchi kavu mchana, na ule wa nchi kavu unaoelekea baharini usiku. Majengo ya jirani na miti hupindua pepo hizi, kwa hiyo usitegemee ramani peke yake. Ning'iniza utepe wa kitambaa chepesi katika kila uwazi wa dirisha, uutazame asubuhi, adhuhuri, jioni na kabla ya kulala. Utepe ukielekea ndani, hapo ndipo hewa inapoingilia. Ukivutwa nje, hapo ndipo inapotokea. Ukitulia wima, uwazi huo hautakusaidia hata ukiuwekea luva nzuri kiasi gani.

Kutoka kwa hewa ndilo jambo linalosahaulika kuliko yote. Chumba chenye dirisha moja na mlango uliofungwa hakipitishi upepo, kwa sababu hewa haiwezi kuingia bila ile iliyomo kupata njia ya kutoka. Kila chumba kinahitaji uwazi wa pili, kwenye ukuta wa mkabala au hata wa ubavuni, na uwazi huo wa kutokea usiwe mdogo kuliko ule wa kuingilia. Palipo na ukuta mmoja tu unaotazama nje, weka luva juu ya mlango wa ndani, kuanzia kichwa cha mlango hadi karibu na dari, ili hewa ipite kwenye ukumbi bila mlango kuachwa wazi. Luva hizo za juu huondoa pia hewa ya moto, ambayo kwa tabia yake hupanda na kukusanyika chini ya dari.

Tazama pia kimo cha dirisha. Mtu aliyelala kitandani yuko sentimita 50 au 60 kutoka sakafuni, ilhali madirisha mengi ya leo huanzia sentimita 90 au zaidi, na upepo wote hupita juu ya kitanda. Ikiwezekana, shusha kizingiti cha dirisha la chumba cha kulala hadi sentimita 40 au 50, na ulinde sehemu ya chini kwa nondo. Ikiwa ukuta umeshajengwa na hutaki kuubomoa, tumia luva zinazoweza kugeuka kupita usawa wa mlalo, ili ukingo wa ndani uwe chini kuliko wa nje na upepo uelekezwe kitandani. Vibao vinapoinamia nje, mvua hutiririka nje lakini upepo hupanda darini. Vinapolala sawasawa, upepo huingia moja kwa moja. Vinapoinamia ndani, upepo hushuka. Anayeielewa tofauti hiyo atapata faida maradufu kutoka kwa dirisha lilelile.

Sasa tuingie kwenye vipimo. Tuchukue fremu yenye uwazi wa milimita 1200 kwa 1200, itakayobeba mabawa mawili, yaani milango miwili ya dirisha. Kila bawa liwe na upana wa milimita 595 na urefu wa milimita 1190, ili ibaki nafasi ndogo pembeni, katikati, juu na chini, kwa kuwa mbao huvimba wakati wa masika. Mbao za wima ziwe na upana wa milimita 70, ya mlalo ya juu 70, na ya chini 100. Ndani ya bawa hubaki nafasi ya vibao yenye upana wa milimita 455 na urefu wa milimita 1020. Kila kibao kiwe na upana wa milimita 60, unene wa 10 na urefu wa 451, yaani mwanya wa milimita 2 kila ncha. Katika mbao za wima hutobolewa matundu ya ekseli, yaani vijiti vya waya ambavyo vibao huzungukia. Tundu la kwanza liwe milimita 33 kutoka mbao ya juu na la mwisho milimita 33 kutoka mbao ya chini. Katikati ya matundu hayo mawili gawanya nafasi sehemu 19 zilizo sawa, nawe utapata vibao 20, kila kimoja kikiwa milimita 50 na kidogo kutoka kwa mwenzake. Kwa kuwa kibao kina milimita 60, kila kimoja hupandana na jirani yake kwa karibu milimita 10 dirisha linapofungwa, na milimita 33 za juu na za chini huviwezesha vibao vya mwisho kugeuka bila kugonga mbao za mlalo.

Vipimo hivyo vinaeleza pia upepo utakaoupata. Vibao vikilala sawasawa, katika kila milimita 50, zipatazo 40 ni uwazi. Vikiinama nyuzi 45, uwazi halisi kati ya kibao na kibao hubaki kama milimita 25. Kwa hiyo hata vikiwa katika mkao wa kuzuia mvua ya kawaida, dirisha bado hupitisha hewa katika nusu hivi ya eneo la vibao. Usikubali vibao vyenye unene wa milimita 15 au 20 kwa kudhani kwamba unene ni uimara, kwani kila milimita inayoongezwa hapo inapunguzwa kwenye upepo. Ikiwa dirisha ni pana na kibao kingezidi sentimita 60, weka mbao ya wima katikati. Kibao kirefu hupinda.

Kwa upande wa mbao, mninga unafaa sana kwa kuwa haubadiliki umbo kwa urahisi, na mkongo, mvule na mtiki huvumilia hali ya pwani. Anayepasua au kupiga msasa mvule afunike pua na mdomo, kwani vumbi lake huwasha na kuumiza kifua. Muhimu kuliko jina la mti ni ukavu wake. Panga mbao kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vipande vidogo ili hewa ipite katikati, kisha pima kipande kimoja kwenye mizani kila baada ya siku chache; uzito ukiacha kupungua, mbao zimekauka vya kutosha. Vibao vilivyotengenezwa kwa mbao mbichi vitasokotana, na hapo hakuna dawa ila kuvitupa.

Matundu ya mbao za wima yanapaswa kulingana kabisa, la sivyo vibao vitakaa mshazari na kukwama. Funga mbao mbili za wima pamoja kwa klampu, chora mistari juu ya zote kwa wakati mmoja, kisha toboa kwa kutumia kipande cha mbao chenye tundu lililonyooka kikiwa kiongozi cha drili. Ekseli za vibao ziwe vipande vya waya wa shaba njano au chuma kisichoshika kutu, vyenye kipenyo cha milimita 4 na urefu wa milimita 25, navyo vizame milimita 12 ndani ya mbao ya wima yenye tundu la milimita 4.5. Ncha moja ya kila kibao itobolewe kwa kina cha milimita 25 ili ekseli iweze kusukumwa yote ndani. Faida yake itaonekana kibao kitakapovunjika. Msumari wa kawaida usitumike popote katika dirisha hili, kwa kuwa chumvi ya bahari huula, na kutu yake hupasua mbao.

Zungusha kingo za vibao kwa randa na msasa, uvipake rangi au vanishi kabla ya kuunganisha, tabaka nyembamba, bila kuacha rangi iingie matunduni. Kisha laza mbao moja ya wima mezani, simamisha vibao vyote pamoja na mbao za mlalo, na ushushe mbao ya pili juu yake taratibu, ukiongoza ekseli moja baada ya nyingine. Maungio ya pembe yawe ya tundu na ulimi, yenye gundi inayostahimili maji. Gundi ikiwa bado mbichi, geuza kila kibao; kinachokwama kisahihishwe wakati huo.

Vibao hugeuzwa kwa ufito mmoja uliofungwa kwenye kingo zao za ndani kwa misumari midogo yenye umbo la U, mmoja kwenye ufito na mwingine kwenye kibao, ikishikana kama pete. Mimi hupendelea fito mbili, mmoja kwa vibao 10 vya juu na mwingine kwa 10 vya chini. Hivyo unaweza kufunga vya chini ili watu wa nje wasione na kuacha vya juu vikitoa hewa ya moto, au usiku kufanya kinyume chake ili upepo uje kitandani. Vibao vikishuka vyenyewe kwa uzito wa ufito, tengeneza kiguzo kidogo cha mbao chenye meno matatu au manne kando ya ufito, uuegemeze kwenye jino unalotaka.

Wavu wa mbu na nondo huhitaji kupangwa mapema. Mabawa hufunguka nje, nondo hukaa katikati, na wavu hukaa ndani kwenye fremu nyepesi yenye bawaba, kwa sababu ukiupigilia misumari moja kwa moja mkono hautafikia ufito. Wavu hupunguza upepo kwa kiasi kikubwa, na ukijaa vumbi hupunguza zaidi, kwa hiyo uoshwe mara kwa mara. Penye baraza, ni bora kuzungushia wavu baraza lote kuliko kila dirisha, kwa kuwa eneo kubwa la wavu hupitisha hewa nyingi zaidi. Chandarua cha kitandani kiendelee kutumika, maana mbu wa malaria huuma hasa usiku na huingia pia kupitia nafasi iliyo kati ya ukuta na paa.

Katika matumizi ya kila siku, kuta za mashariki na magharibi ndizo za kuangaliwa zaidi. Adhuhuri jua la pwani huwa juu sana mwaka mzima, na ukingo wa paa hutosha kuvifunika vyumba vya kaskazini na kusini. Lakini asubuhi na alasiri huja chini na kupenya moja kwa moja. Inamisha vibao vya mashariki hadi saa nne hivi, vya magharibi kuanzia saa nane, ukiacha uwazi wa nyuzi 45 badala ya kufunga kabisa. Mvua ya masika ikija na upepo, funga upande unaopigwa na uache wazi upande wa pili. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa kutegemea luva, hata zikiwa wazi zote, kwani gesi ya mkaa huua bila kutoa harufu.

Matunzo ni kidogo. Futa vumbi na chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi, hasa upande unaotazama bahari, na penye ekseli zinazolia sugua mshumaa badala ya mafuta, ambayo hunasa vumbi. Kibao kikivunjika, fungua kwanza misumari ya U inayokishika kwenye ufito, ingiza ncha ya kisu katika mwanya wa milimita 2, sukuma ekseli irudi ndani ya ile ncha iliyotobolewa kwa kina, na kibao kitatoka bila kubomoa bawa. Ndiyo sababu inafaa kumwagiza fundi tangu mwanzo akate vibao viwili au vitatu vya akiba kutoka mbao zilezile, vipakwe rangi pamoja na vingine, na vihifadhiwe ndani ya nyumba mahali pakavu.